Tukifika Raundabauti, Tuvuke Wapi?



Wengi wetu katika vikundi vya kujisaidia hatuna gari. Tunakwenda sokoni kwa miguu, kwa baiskeli, ama kwa pikipiki na matatu zinazotuacha kando ya barabara na mizigo yetu. Kwa hivyo barabara ikijengwa, sisi ndio tunaoivuka mara nyingi zaidi. Lakini tukiuliza katika mikutano ni nani aliyewahi kufundishwa jinsi ya kuvuka raundabauti, hakuna mkono unaoinuka.

Tuliona haja ya kuandika habari hii baada ya kutembelea kikundi kimoja cha wauza maziwa. Mwanachama wao alikuwa akisukuma baiskeli yenye mitungi miwili asubuhi na mapema, akavuka mdomo wa raundabauti kama alivyozoea. Gari dogo lililokuwa likitoka kwenye mzunguko likamgonga. Mungu ni mwema, hakufa. Lakini mguu ulivunjika mahali pawili, baiskeli ikawa chuma chakavu, na maziwa ya nyumba kumi na moja yakamwagika. Kikundi kilikuwa kimeweka akiba miezi tisa ili kununua ndama wa gredi. Pesa zile zikaenda hospitalini. Mama mweka hazina alituambia, "Ndama wetu alikufa barabarani kabla hatujamnunua."

Basi hebu tuangalie pamoja: raundabauti ni kitu gani, kwa nini inamsaidia dereva na kumtisha mwenda kwa miguu, na kikundi kinaweza kufanya nini.

RAUNDABAUTI INAFANYA KAZI GANI?

Barabara mbili zikikutana kama msalaba, magari hupita mbele ya mengine pande zote. Wahandisi wamehesabu mahali ambapo njia ya gari moja inakutana na njia ya gari jingine. Katika njia panda ya kawaida yenye mikono minne, mahali hapo ni 32. Ukiweka raundabauti ya leni moja, panabaki 8 tu. Tena magari hayagongani uso kwa uso, bali hugusana kwa ubavu, na mwendo ni mdogo kwa sababu dereva analazimika kukata kona. Ndiyo sababu serikali nyingi hupenda raundabauti, na kwa hilo hawakosei.

Sheria yake ni rahisi. Hapa Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hivyo magari huzunguka kisiwa cha katikati kikiwa mkono wao wa kulia. Anayetaka kuingia humngoja anayetoka kulia kwake, aliye tayari ndani ya mzunguko. Uingereza iliifanya hii kuwa sheria ya raundabauti zote mwaka 1966, na tangu hapo imeenea katika nchi nyingi. Kabla ya hapo magari yaliyokuwa yakiingia yangeweza kuyafungia yaliyomo ndani, na wote wakakwama.

Lakini angalia vizuri: katika maelezo haya yote tumetaja magari tu. Mtu wa miguu hatujamtaja. Hapo ndipo shida inapoanzia.

KWA NINI DEREVA HATUONI?

Wengine husema madereva ni wabaya. Wabaya wapo, hatukatai. Lakini hata dereva mwema anaweza kukugonga kwenye raundabauti, na ni vizuri kuelewa sababu.

Ya kwanza, macho yake yako kwingine. Dereva anayeingia anatazama kulia, akitafuta nafasi. Wewe umesimama ukingoni, kushoto kwake. Akipata nafasi anakanyaga mafuta kabla hajageuza shingo. Kama umeshuka barabarani wakati huo, atakuona ukiwa mbele ya boneti.

Ya pili, anayetoka huongeza mwendo. Ndani ya mzunguko alikuwa polepole. Akishika mdomo wa kutokea, barabara inanyooka, naye anaona amemaliza kazi. Yule ndugu wa maziwa aligongwa hapo. Tena madereva wengi hawawashi indiketa, kwa hivyo wewe huwezi kujua kama gari linaendelea kuzunguka ama linatoka kuja kwako. Usiamini indiketa peke yake, tazama tairi za mbele zimeelekea wapi.

Ya tatu, leni mbili. Gari la kwanza linasimama likupishe. Unashukuru kwa mkono, unaingia. Kumbe kando yake linakuja la pili, na dereva wa lile hakuoni kwa sababu la kwanza limekuficha. Watu wengi wameumia wakiwa wamepishwa na mtu mwema. Ukipishwa, nenda mpaka mwisho wa gari lililosimama, usimame, uchungulie, ndipo umalize.

Ya nne, vitu vinavyoficha. Matatu zinashusha abiria mdomoni kabisa mwa raundabauti. Vibanda vya mahindi na viazi vimesogea mpaka ukingoni. Maua yaliyopandwa kupendeza mji yamekua yakapita kimo cha mtoto. Haya yote yanaweza kuondolewa bila pesa nyingi, na tutayarudia.

MWENDO NDIO UNAOUA

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde moja linapita mita 14 hivi. Likienda 30, linapita kama mita 8. Sasa fikiria barabara ya leni mbili, yenye upana wa mita 7. Mtu mzima mwenye afya huivuka kwa sekunde 6 hivi. Mama aliyebeba mtoto na kikapu, ama mzee mwenye bakora, anaweza kutumia sekunde 9. Kwa sekunde 9 gari la kilomita 50 limekwisha kupita zaidi ya mita 120. Huo ni urefu wa kiwanja cha mpira na zaidi. Kwa hivyo gari unaloliona "liko mbali" huenda haliko mbali kwa mwendo wako.

Na likikugonga je? Shirika la Afya Ulimwenguni limeeleza kwamba mtu mzima akigongwa na gari dogo linaloenda kilomita 50 kwa saa, hatari ya kufa ni chini ya 20 kwa mia. Likienda 80, hatari inakaribia 60 kwa mia. Mwendo haukuongezeka hata maradufu, lakini hatari imeongezeka kama mara tatu.

Hapa kwetu hili si jambo dogo. Kulingana na NTSA, mamlaka ya serikali inayosimamia usalama barabarani, watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani kila mwaka katika 2021, 2022 na 2023. Katika kila watatu waliokufa, angalau mmoja alikuwa akienda kwa miguu. Hakuwa dereva wala abiria, alikuwa mtu kama wewe na mimi, na kikapu chake.

Sheria ya Kenya inaweka mwendo wa mwisho wa kilomita 50 kwa saa ndani ya mji, na inamtaka dereva kumpisha mtu aliye kwenye kivuko chenye milia. Sheria iko upande wetu. Lakini milia ni rangi, haiwezi kushika breki.

JINSI YA KUVUKA KWA MIGUU

1. Usikate katikati. Kisiwa chenye maua si njia. Ukikikatiza unavuka leni za kuzunguka, ambapo hakuna dereva anayekutegemea. Zunguka kwa nje, ukivuka mkono mmoja baada ya mwingine.

2. Rudi nyuma kidogo kutoka mdomoni. Kivuko kilichopangwa vizuri huwa nyuma ya mstari wa kungojea kwa urefu wa gari moja hivi, kama mita 6. Hapo gari la kwanza limekwisha kupita na dereva wa pili anatazama mbele, anakuona. Kama hakuna kivuko, rudi nyuma zaidi kidogo, mahali unapoweza kuona magari ya pande zote na yenyewe yakuone.

3. Vuka nusu kwa nusu. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, magari ya nusu ya kwanza hutoka kulia kwako, na ya nusu ya pili hutoka kushoto kwako. Kama katikati kuna kisiwa kidogo, simama hapo, anza upya kana kwamba ni barabara nyingine. Usiogope kuonekana mshamba.

4. Ujue ni nusu gani ya kutokea. Upande mmoja magari yanakuja raundabauti, upande wa pili yanatoka. Kwenye upande wa kutoka, tazama ndani ya mzunguko, si barabarani tu.

5. Tafuta macho ya dereva. Kama hujaona macho yake, yeye pia huenda hajakuona. Inua mkono, ngoja apunguze mwendo, ndipo ushuke.

6. Askari wa trafiki akiwa kazini, kumbuka kwamba mara nyingi anayaongoza magari. Akiyasimamisha ya upande mmoja, ya upande mwingine yanaachiliwa. Ngoja akuonyeshe wewe kwa mkono.

7. Watoto washikwe mkono. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kukadiria vizuri mwendo wa gari, hata akiwa hodari darasani. Kumwambia tu "angalia magari" hakutoshi.

8. Usiku na alfajiri vaa kitu cheupe, ama beba tochi iliyowashwa. Shuka nyeusi na koti la kaki hupotea kwenye lami.

KWA WENYE BAISKELI

Raundabauti inaweza kupunguza ajali za magari na bado ikaongeza za baiskeli. Huko Flanders, Ubelgiji, watafiti walichunguza raundabauti 91 na kutoa matokeo mwaka 2008. Walikuta kwamba ajali za kujeruhi zilizowahusu waendesha baiskeli ziliongezeka kwa 27 kwa mia baada ya njia panda kugeuzwa kuwa raundabauti. Na Ubelgiji ni nchi yenye njia nyingi za baiskeli. Kwetu, baiskeli na trela hugawana lami ile ile.

Kosa la kawaida ni kujibana ukingoni kushoto na kuzunguka hivyo mpaka njia ya mwisho. Mtu anaona kwamba ukingoni ndiko salama. Lakini kila unapopita mdomo wa kutokea, gari lililo kulia kwako linaweza kukukatia mbele likitoka. Wewe unanyoosha, lenyewe linageuka.

Basi fanya hivi. Kama raundabauti ni ndogo, ya leni moja, na magari yanakwenda polepole, toka ukingoni mapema, shika katikati ya leni ili gari likufuate nyuma lisikupite ubavuni. Onyesha kwa mkono unakokwenda. Kama ni kubwa, ina leni mbili au tatu na malori mengi, shuka. Sukuma baiskeli na uvuke kama mtu wa miguu. Unapoteza dakika tatu. Wenzetu wa maziwa walipoteza miezi tisa. Tena, yule ndugu alikuwa anasukuma, lakini alivukia mdomoni. Kushuka ni nusu ya kazi, mahali pa kuvukia ndiyo nusu nyingine.

Kuhusu trela tunasema kwa mkazo. Trela likikata kushoto, tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele. Hukata ndani zaidi, zikasogea mpaka ukingoni. Dereva aliye juu hawezi kuona baiskeli iliyo chini, karibu na mlango wa kushoto. Usiingie kamwe kati ya trela na ukingo, hata kama limesimama na nafasi inaonekana kubwa. Nafasi hiyo itafungika likianza kugeuka.

Na mzigo je? Gunia la makaa ama kreti za soda hufunga riflekta ya nyuma na kuharibu breki. Kabla ya kuondoka nyumbani jaribu breki zote mbili ukiwa na mzigo. Baiskeli inayosimama vizuri ikiwa tupu huenda isisimame ikibeba kilo 60.

DARAJA LA JUU LITATUOKOA?

Watu wengi wakikasirika huomba daraja la miguu. Tujifunze kutoka barabara ya Thika. Zamani ilikuwa na raundabauti kama ya Pangani na ya Muthaiga. Ikapanuliwa, ikafunguliwa rasmi Novemba 2012 ikiwa na leni nyingi na magari ya mwendo mkali. Madaraja ya miguu yalijengwa, mengine yakaongezwa baadaye, lakini watu wameendelea kuonekana wakikatiza chini. Je, ni wajinga? Hapana. Mtu aliyechoka, mwenye mzigo kichwani, akiona daraja liko mbali na steji, anapima njia fupi na njia ndefu. Na mwenye baiskeli ya maziwa hawezi kupanda ngazi.

Daraja lina mahali pake, kwenye barabara kuu ya mwendo mkali. Lakini kwenye raundabauti ya mji mdogo, mara nyingi kinachofaa ni kivuko kilichoinuliwa kama tuta bapa lenye milia, na kisiwa katikati chenye upana wa mita 2 hivi, baiskeli itoshee. Gari linalazimika kupunguza mwendo, na mtu anavuka pale pale anapopita kila siku.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tunajua mazoea yetu. Mtoto akigongwa, watu hufunga barabara na kuchoma tairi. Siku ya pili huenda likaja tuta, ama polisi wakaja na vitoa machozi. Wengine hujenga tuta lao usiku kwa mawe na udongo. Tafadhali msifanye hivyo. Tuta lisilo na alama linaweza kumwangusha mwenye pikipiki gizani, na mnaweza kushtakiwa nyinyi. Afadhali mpeleke hoja yenye hesabu, na hesabu hii mnaweza kuifanya wenyewe.

Pimeni mwendo. Chukueni kamba, pimeni mita 50 kando ya barabara inayoingia raundabauti, wekeni alama mbili. Mmoja asimame kwenye kila alama, mbali na lami. Gari likipita alama ya kwanza, huyu anashusha mkono, na mwenye simu anaanzisha saa. Likipita ya pili anaisimamisha. Kisha gawanyeni 180 kwa sekunde mlizopata. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 4 ni 45. Sekunde 3 ni 60, hapo sheria ya mji imevunjwa. Pimeni magari 50, andikeni yote, hata yale ya polepole. Mkichagua mabaya tu, injinia atajua.

Hesabuni watu. Siku ya soko na siku ya kawaida, saa moja asubuhi na saa moja jioni: waendao kwa miguu wangapi, baiskeli ngapi, watoto wa shule wangapi, na wanavukia wapi hasa. Choreni ramani. Wekeni alama mahali ajali zimetokea, na tarehe kama mnazikumbuka.

Ulizeni barabara ni ya nani. Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 ziliundwa KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za mashambani. Nyingine ziko chini ya kaunti. Mkiandikia ofisi isiyohusika, barua italala. Chifu ama msimamizi wa wadi anaweza kuwaelekeza. Na msiende kama waombaji: Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inawapa haki ya kupeleka malalamiko kwa ofisi za umma, na kifungu cha 35 haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa serikali.

Ombeni vitu vilivyo wazi. Msiandike "tunaomba usalama." Andikeni: milia ipakwe rangi upya, maua yaliyo karibu na kivuko yakatwe, steji ya matatu isogezwe kutoka mdomoni, tuta bapa lijengwe kwenye mkono wa kwenda shule, taa iliyoungua ibadilishwe. Baadhi ya haya hayahitaji bajeti kubwa. Weka sahihi zote, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na mteue mtu mmoja wa kufuatilia kila mwezi.

Na tuanze na yetu. Kama vibanda vinavyoficha kivuko ni vya wanachama wetu, tuzungumze nao kabla hatujamlaumu injinia. Kama ni wanachama wetu wanaoendesha pikipiki kinyume cha mzunguko ili kuokoa dakika moja, hao pia tuwaambie.

Kikundi cha maziwa kilipotualika mara ya pili, tuliwakuta wamekwisha kupima magari yao 50 na kuandika barua. Jibu lilikuwa bado halijafika. Lakini walikuwa wamekubaliana jambo moja: mitungi yote inavushwa mahali pamoja, nyuma ya mdomo, na wasukumaji wanangojana wavuke wawili wawili. Yule ndugu bado anachechemea, na yeye ndiye aliyechagua mahali penyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni wapi tunapovukia tukienda sokoni? Tulichagua mahali hapo kwa sababu gani?

2. Ni nani katika kikundi aliyewahi kugongwa au kuponea chupuchupu? Dereva alikuwa akitazama wapi?

3. Ajali moja ingegharimu kikundi chetu kiasi gani? Tuhesabu hospitali, siku za kazi na mali iliyoharibika.

4. Ni jambo gani moja tunaloweza kubadilisha wiki hii bila kungoja serikali?

5. Nani atashika kamba, nani atashika saa, na nani ataandika?